Zaburi Zilizopanda Uwanda wa Makonde

Oktoba 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA aliondoka Unguja kwa meli kwenda Lindi. Alifuatana na watu zaidi ya hamsini, wanaume kwa wanawake, ambao miaka michache tu nyuma walikuwa mali ya watu wengine. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na pale Mkunazini lilipokuwa, Steere alikuwa akijenga kanisa. Watu aliokuwa nao walikuwa Wayao, Wamakua na Wanyasa, wengi wao wakiwa wametekwa utotoni.

Kutoka Lindi walishika njia kwa miguu kuelekea magharibi. Nia ilikuwa kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa, kwenye nchi walikotokea. Walipofika Masasi, penye milima ya mawe iliyosimama mmoja mmoja katikati ya tambarare, waliona ardhi nzuri na wakataka kubaki. Askofu akakubali. Novemba mwaka huo kijiji kikaanza: vibanda, mashamba ya mtama, na mahali pa kusalia asubuhi na jioni.

Tangu hapo historia ya Masasi imesimuliwa sana kama historia ya shule, hospitali na maaskofu. Mimi nataka kuifuata kwa njia nyingine. Nauliza ni maneno gani yalisemwa mtu alipokuwa anakata roho katika nchi hii, maneno hayo yalitoka wapi, na yule aliyekuwa anakufa aliuhesabu vipi uhai wake. Njia hiyo inatuvusha Unguja na Uingereza, inatufikisha Yerusalemu ya kale, halafu inaturudisha Lupaso mwaka 2020.

Tuanze na hali ya wale watu wa kwanza. Kwa Wayao na Wamakua, kama kwa Wamakonde, ukoo hufuata kikeni. Mtu akifa, wenye maiti ni watu wa ukoo wa mama yake. Mjomba ana kauli, watani wana kazi zao, na kila mmoja anajua nafasi yake msibani. Baadaye jina la marehemu hutajwa chini ya mti. Wayao waliuita msolo mti ambao shina lake lilizungushiwa uwazi uliofagiwa, na hapo mzee alipiga magoti, akamwaga unga wa mtama taratibu hadi ukafanya kichuguu kidogo cheupe, huku akiwaita wazee waliotangulia kwa majina. Kama unga ulisimama vizuri, dua imepokewa. Ukibomoka, kuna jambo halijakaa sawa.

Sasa mchukue mtu aliyetekwa akiwa na miaka saba, akauzwa Kilwa, akapakiwa jahazini, akaokolewa na manowari, akalelewa Unguja. Hajui kaburi la bibi yake. Pengine hata jina la ukoo wake amelisahau. Amezaliwa upya Masasi, amepewa shamba na jina la ubatizo. Atakapokufa, nani ataitwa? Unga utamwagwa chini ya mti upi, na kwa majina ya nani? Swali hilo, nadhani, liliwakalia watu wa Masasi kuliko swali lolote la imani ambalo wamisionari waliwaandalia majibu.

Kilichowajia badala ya msolo kilikuwa kitabu. Steere alikuwa fundi wa lugha. Aliandika sarufi ya Kiswahili, alikusanya hadithi za Unguja na kuzichapa, na alifasiri Agano Jipya, Zaburi na sala za kanisa lake. Vijana walioachwa huru ndio waliozipanga herufi za risasi na kuzichapa. Kitabu cha sala cha Waanglikana, cha mwaka 1662, kinaweka Zaburi mbili kwa ajili ya maziko, ya 39 na ya 90. Ya kwanza ni ya mtu anayemwomba Mungu amjulishe siku zake ni ngapi, kwa kuwa anajiona ni mgeni na mpitaji. Ya pili inaitwa sala ya Musa, nayo inasema miaka ya mtu ni sabini, akiwa na nguvu themanini, na inaomba tufundishwe kuzihesabu siku zetu. Mtu aliyewahi kuuzwa sokoni alizikwa Masasi kwa maneno hayo. Mpitaji aliyetajwa mle ndani alikuwa yeye.

Walioyatunga maneno hayo ni Wayahudi, na inafaa kueleza yaliwafikaje wao kabla hayajatufikia sisi. Zaburi 150 zilikusanywa kwa karne nyingi, nyingi zikiimbwa hekaluni Yerusalemu, ambako wanyama walichinjwa na damu ikanyunyizwa madhabahuni. Mwaka 70 Warumi waliliteketeza hekalu hilo. Wayahudi hawakuwa tena na mahali pa kutolea sadaka, na kadiri karne zilivyopita wengi hawakuwa na nchi. Walimu wao, marabi, waliamua kwamba sala isimame pale sadaka ilipokuwa ikisimama. Zaburi zikawa kitu kinachobebeka. Myahudi wa Baghdad, wa Toledo au wa Sanaa aliweza kufa mbali na makaburi ya babu zake, akafa na maneno yaleyale.

Kwa mgonjwa aliyezidiwa waliweka utaratibu wenye huruma kubwa. Kuna ungamo linaloitwa vidui. Sheria iliyopangwa na Joseph Karo katika mji wa Safed, ikachapishwa Venice mwaka 1565, inasema mgonjwa aambiwe aungame, lakini asitishwe. Aambiwe kwamba wengi waliungama wakapona, na wengi hawakuungama na wakafa. Tena asiambiwe mbele ya watoto na watu wepesi wa kulia, wasije wakamvunja moyo. Asiyeweza kusema aungame moyoni. Maneno ya ungamo lenyewe ni ya zamani zaidi ya Karo. Yamo katika kitabu cha rabi Nachmanides wa Hispania, aliyefariki mwaka 1270. Mgonjwa anakiri kwamba kupona kwake na kufa kwake vimo mkononi mwa Mungu. Anaomba aponywe kabisa. Ikiwa atakufa, anaomba kifo chake kiwe fidia ya makosa yake yote.

Nataka msomaji alitazame ombi hilo kwa makini. Linaanza na uzima. Hata akiwa kwenye sakaratulmauti, Myahudi hatakiwi kuufanya uhai kitu kidogo. Anauomba, na katika pumzi hiyohiyo anaukabidhi. Kisha hutamka Shema, tangazo kwamba Mungu ni mmoja, nalo likiwezekana ndilo liwe neno la mwisho mdomoni. Mapokeo yao yanasimulia kwamba Rabi Akiva, alipouawa na Warumi katika karne ya pili, alilivuta neno hilo la umoja hadi roho ikamtoka.

Tuna simulizi ya karibu ya kifo cha namna hiyo, iliyoandikwa na mjane. Glikl alikuwa mfanyabiashara wa Hamburg. Mume wake Chaim alikufa mwaka 1689 baada ya kuanguka na kuumia ndani. Glikl alikuwa kwenye siku ambazo sheria yao haimruhusu mke kumgusa mumewe. Alimuuliza kama amkumbatie, akakataa, akamwambia haitachukua muda mrefu atatoharika. Hakuishi hadi siku hiyo. Mwishoni rafiki mmoja aliweka sikio mdomoni mwake na kusikia Shema ikitoka kwa sauti ndogo. Miaka miwili baadaye mjane huyo, aliyezaa watoto 14, alianza kuandika maisha yake kwa Kiyidishi, usiku, usingizi ulipomkataa kwa huzuni. Aliwaandikia watoto wajue wametoka kwa watu gani. Wayahudi wengine walikuwa wameandika wosia kabla yake: Judah ibn Tibbon, tabibu wa karne ya 12, alimwachia mwanawe Samuel barua ndefu ya mawaidha na lawama za baba, mpaka namna ya kutunza vitabu. Kwao kuhesabu maisha hakukuwa kazi ya siku moja ya kufa. Mtu alikiri, alibariki watoto, aliomba radhi, na mwenye uwezo aliandika.

Turudi Masasi. Kitabu cha sala alichokuja nacho Steere kina utaratibu wa kumtembelea mgonjwa ambao Karo angeutambua. Padri anatakiwa amuulize mgonjwa kama amewasamehe waliomkosea na kama ameomba radhi kwa aliowakosea. Anatakiwa amhimize atamke madeni yake na kuandika wosia kama ana mali. Kama dhamiri inamsumbua, aungame. Na katika sala ya jioni iliyotumiwa na misheni hii ulikuwemo mstari wa Zaburi ya 31, wa mtu kuiweka roho yake mikononi mwa Mungu. Wayahudi huusema kitandani kabla ya kulala. Injili ya Luka inausema kuwa ndio uliokuwa mdomoni mwa Yesu msalabani, Myahudi aliyekufa kwa sala ya watoto wa Kiyahudi ya kulalia. Kwa Kiswahili uliingia vibandani Masasi.

Steere mwenyewe alikufa Unguja Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga Mkunazini. Majuma machache baadaye, Septemba, Wangoni ambao watu wa kusini waliwaita Magwangwara waliishukia Masasi. Waliua, wakachoma, wakateka. Watu waliokuwa wametekwa utotoni wakatekwa tena, mara hii pamoja na watoto wao. Mmisionari Porter alifuata nyuma hadi nchi ya Wangoni kujaribu kuwakomboa, na baadhi walipatikana. Chauncy Maples, aliyekuwa mkuu wa kituo, akawapandisha waliosalia kwenye uwanda wa Makonde, hadi Newala, kwa mfalme wa Kiyao aliyeitwa Matola, aliyewapokea na kuwapa ulinzi.

Aliyewahi kusimama Newala ukingoni anajua kwa nini palifaa kwa kujificha. Ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa unaliona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Juu kulikuwa na vichaka vizito ambavyo adui hakuvipita kwa urahisi. Shida ilikuwa maji. Wanawake walishuka genge alfajiri na kupanda na mitungi kichwani, na shida hiyo haikuanza kupungua hadi mradi wa maji wa uwanda ulipojengwa miaka ya 1950.

Wamakonde walikuwa na maelezo yao ya kwa nini wanaishi juu, mbali na maji, na maelezo hayo ni simulizi ya kifo. Yaliandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, na yanaitaja Mahuta kuwa ndipo mahali pa mwanzo. Hapo zamani, pori tupu, alitoka mtu ambaye hakunawa, hakunyoa, na alikula kidogo. Akachonga sanamu ya mtu kutoka kwenye mti, akaisimamisha wima kwake. Usiku ikapata uhai, na asubuhi akamkuta mwanamke. Wakashuka Ruvuma, mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, akajifungua tena, naye hakuishi. Wakarudi juu Mahuta. Mtoto wa tatu akaishi, na huyo na ndugu zake ndio Wamakonde. Babu yao akawausia wasikae mabondeni wala karibu na mito mikubwa, kwa kuwa huko kunakaa maradhi na mauti. Akawausia pia wazike wafu wao wakiwa wima, kwa ukumbusho wa mama aliyepata uhai akiwa amesimama.

Simulizi hii naipenda. Wosia wa babu wa Mahuta unafanana kwa sura na baraka za Yakobo kwa wanawe: mzee anawaambia walio nyuma yake walikotoka, walichopoteza, na wakae wapi ili watoto waishi. Makaburi mawili ya watoto yamo katikati ya habari ya mwanzo wa kabila. Wamisionari wengi waliopanda uwanda walikuja na imani kwamba wenyeji hawajawahi kuwaza juu ya maana ya kuishi na kufa. Walikosea kabisa, na watu waliofasiri sala zao walilijua hilo.

Miongoni mwa waliolijua ni Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyetekwa mtoto, akasoma shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, akapelekwa Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alipewa ushemasi na kutumwa Chitangali, kwenye nchi ya mfalme Nakaam, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri. Aliifanya kazi yake miongoni mwa Wayao wenzake, mara nyingi bila Mzungu karibu. Aliyezidiwa usiku Chitangali aliombewa na mtu aliyejua msolo ni nini na Zaburi ni nini. Nakaam akabatizwa, akaitwa Barnaba.

Maples alikwenda Ziwa Nyasa. Septemba 1895, akirudi kutoka Uingereza alikokwenda kuwekewa mikono ya uaskofu, mashua yake ilipinduka kwa dhoruba usiku. Inasimuliwa kwamba mabaharia walijaribu kumshika ili asizame, naye akawahimiza wajiokoe wenyewe. Mwili wake ulipatikana baadaye na kuzikwa Kota Kota. Hapakuwa na muda wa padri wala wa kitabu, na nadhani kauli hiyo kwa vijana wake ilimtosha kuwa wosia.

Vikaja vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani. Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na watawa wanne karibu na Liwale. Kabla mwezi haujaisha vituo vya Nyangao na Lukuledi vilikuwa vimechomwa, na Masasi pia ikateketea, wamisionari wakikimbilia Lindi. Kisasi cha Wajerumani kilikuwa kikubwa kuliko vita vyenyewe. Walichoma maghala na mashamba ili njaa imalize kazi. Mwanahistoria Gwassa alikadiria kuwa kati ya watu 250,000 na 300,000 walikufa katika kusini yote. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906 kukusanya habari za mila, alikuta nchi iliyokuwa bado inauguza majeraha yake. Wafu wengi wa miaka hiyo hawakumwagiwa unga, hawakusomewa Yasini wala Zaburi. Walifia porini wakitafuta mizizi, na majina yao hayamo katika daftari lolote la maziko.

Mwaka huohuo wa 1906 Wabenediktini walianza upya, safari hii Ndanda, chini ya ukuta wa uwanda. Kazi ya kwanza ya Mbenediktini ni kusali Zaburi, zote 150, kwa zamu zilizopangwa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inaweka sala ya mwisho ya siku kwa Zaburi tatu zilezile kila usiku, na mojawapo ni ile ambayo Biblia nyingi zinaihesabu ya 91, ya mtu aliyejificha uvulini mwa Mwenyezi, asiyeogopa tishio la usiku wala tauni. Wayahudi huisoma Zaburi hiyo wanapomsindikiza maiti kwenda makaburini, wakisimama mara kadhaa njiani kana kwamba hawana haraka ya kuachana naye. Ndanda ilisomwa na watawa wazima wakienda kulala, na mita chache kutoka kanisani ilikuwepo hospitali, ambako tangu 1927 Sista Thekla Stinnesbeck, daktari, aliwatibu wakoma na wazazi na watoto wenye malaria. Wengi walipona. Wasiopona walikufa wakiisikia kengele ya sala hiyo.

Katika miaka hiyohiyo watu wengi zaidi wa Newala waliingia Uislamu. Dini ilipanda kutoka Lindi na Mikindani kwa walimu wa chuoni, wafanyabiashara na watu wa twarika, na leo kwenye uwanda Waislamu ni wengi kuliko Wakristo. Anayekufa humo husomewa Yasini, na aliye karibu na kichwa chake humtamkia shahada kwa upole ili aifuate, asimsumbue akishaitamka. Nimekwisha kueleza Shema. Msomaji ataona mwenyewe: ni tangazo lilelile la umoja wa Mungu, kwa mtu yuleyule aliyelala, kutoka kwa jirani yuleyule aliyeinama. Hata adabu ya kutomkera mgonjwa ni moja. Mwislamu wa Newala na Myahudi wa Hamburg wangeweza kusimama pamoja kando ya kitanda hicho, na kila mmoja angejua mwenzake anangoja nini.

Wayahudi wenyewe walijenga sinagogi zao mbali na hapa. Nairobi jumuiya yao iliundwa mwaka 1904. Karibu na Mbale, Uganda, jemadari Semei Kakungulu alisoma Biblia kwa bidii hadi akaona Agano la Kale linamtaka aishi kama Myahudi. Alitahiriwa mwaka 1919 na akafa mwaka 1928, na Waabayudaya waliomfuata wanazisali Zaburi hadi leo kwa Kiebrania na Kiganda. Wao pia wana Kadishi, sala ya wafiwa, ambayo kwa desturi huhitaji watu kumi wazima ili isemwe. Ndani yake kifo hakitajwi hata mara moja. Ni sifa tupu kwa Mungu, inayotolewa na mtu ambaye siku hiyo ana sababu ndogo kabisa ya kusifu. Sheria ya watu kumi maana yake mfiwa hawezi kuachwa alie peke yake. Watu wa kusini, waliozoea kulala matanga nyumbani kwa mfiwa, hawahitaji kufafanuliwa hekima hiyo.

Kanisa la Masasi lilikuwa na jambo ambalo Waprotestanti wengi wa Kiingereza hawakulikubali: liliwaombea wafu. Vincent Lucas, aliyekuwa padri Masasi kabla ya kuwa askofu wake wa kwanza mwaka 1926, aliamini kwamba mila njema za wenyeji zisifutwe, ziingizwe kanisani. Anajulikana zaidi kwa jando la Kikristo. Lakini mimi naona sala za kuwakumbuka marehemu ndizo zilizogusa ndani zaidi, maana ziliziba pengo nililolieleza mwanzo. Mjukuu wa mtumwa aliyeachwa huru, asiyejua msolo wa ukoo wake, alisikia jina la babu yake likitajwa madhabahuni mbele ya kijiji kizima.

Mmoja wa mapadri walioyaona mabadiliko hayo kutoka ndani alikuwa Canon Kolumba Yohana Msigala. Katika miaka ya 1950, akiwa mzee, aliandika kumbukumbu za maisha yake: utoto, shule, vita, jando, miaka ya upadri. Wanahistoria wameyatumia sana maandishi hayo, hasa Terence Ranger alipoandika juu ya Masasi mwaka 1972. Nayaweka bila kusita kwenye safu moja na ya Glikl wa Hamburg. Ni mzee aliyekaa akawahesabia walio nyuma yake siku alizopewa.

Wa mwisho ni mtoto wa Lupaso, wilaya ya Masasi. Benjamin William Mkapa alizaliwa huko tarehe 12 Novemba 1938, Mkatoliki, akasoma Ndanda kwa Wabenediktini na Kigonsera seminari kabla ya Pugu na Makerere. Alikuwa Rais wa Tanzania kuanzia 1995 hadi 2005. Siku alipotimiza miaka 81, Novemba 2019, alizindua Dar es Salaam kitabu cha maisha yake, My Life, My Purpose. Mengi yamo humo: diplomasia, ubinafsishaji, chama. Lakini kuna mahali anaporudi Januari 2001, polisi walipofyatua risasi kwa waandamanaji Unguja na Pemba, na watu zaidi ya ishirini wakafa akiwa yeye ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Mkapa hakulipita kimya. Aliandika kuwa ni doa litakalobaki kwenye urais wake.

Wako waliosema ungamo hilo lilichelewa miaka 18, na ndugu wa waliouawa wana haki ya kusema hivyo. Waliofiwa Wete na Micheweni hawakurudishiwa mtu. Hata hivyo katika nchi zetu viongozi wastaafu huandika vitabu vya kujisafisha, na si wengi waliotaja wafu wao kwa hiari. Kwa utaratibu wa Karo, na kwa ule wa kitabu cha sala cha 1662, kukiri kunatakiwa kufanywa mtu akiwa bado ana akili na sauti yake. Mkapa alikuwa navyo. Miezi minane baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 24 Julai 2020, alifariki. Tarehe 29 Julai alizikwa Lupaso kwa ibada ya Kikatoliki, na ibada hiyo, kama ilivyo kila mahali Wakatoliki wanapozika, ilikuwa na Zaburi ndani yake.

Kumbukumbu za Msigala zimehifadhiwa Uingereza, pamoja na nyaraka za UMCA. Mkazi wa Masasi anayetaka kuzisoma anahitaji viza. Hilo halistahili kuendelea. Dayosisi ya Masasi, vyuo vikuu vyetu na wachapishaji wa vitabu wanaweza kuziomba nakala, kuzichapa kwa Kiswahili na kuziuza kwa bei ya daftari pale Masasi sokoni na Newala stendi. Na wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyezaliwa chini ya milima ile au juu ya uwanda ule, mkalishe wiki hii na simu yako iwe inarekodi. Muulize alikotoka, nani alimzika mama yake na kwa maneno gani, na ana deni gani moyoni. Usingoje azidiwe.